Waya wa Masufuria na Gari la Mkunga

Fundi saa alikuwa mtu mwenye heshima zake. Saa iliyozama kwenye ndoo usiku mzima, yeye aliirudishia uhai. Kwa hiyo mkewe aliposafiri kwa mafunzo ya wiki mbili, alijiona hashindwi na lolote.

Mkewe alikuwa mkunga. Gari la nyumbani lilikuwa la mkunga, si la fundi saa, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Zamani lilikuwa jekundu. Jua la miaka ishirini lililichosha, likafanana na ulimi wa mgonjwa. Ukiligusa, kiganja kinatoka na unga.

"Nikirudi Jumamosi nilikute salama," mkunga aliaga. "Tafadhali, usilifanyie ufundi."

Mume akaitikia vizuri sana. Kisha akalifanyia ufundi.

Alhamisi ya wiki ya pili alichukua sabuni ya kufulia na waya wa kusugulia masufuria. Akasugua boneti kwa mapenzi yote. Maji yalipokauka, boneti ilikuwa na mikwaruzo kila upande, kana kwamba paka kumi wamegombania samaki juu yake. Akautupa ule waya kwenye shimo la taka. Akaketi kizingitini, njaa imemwisha.

Jirani yake, mama mmoja fundi wa rangi za magari, akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, umeliosha au mmepigana?"

"Dada, nisitiri. Mwenyewe anarudi keshokutwa!"

"Kukusitiri siwezi. Kukufundisha naweza. Kesho asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi."

Asubuhi alikuja na mashine ya polishi. Kwanza waliliosha gari vizuri, wakalikausha.

"Mchanga ukibaki, utalikwaruza tena," alisema. Akapitisha ukucha juu ya boneti. "Ukucha haukwami. Mikwaruzo hii itatoka. Ungekwama, tusingelazimisha. Rangi si mlima, inaisha."

Akabandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mipira ya madirisha. Kingoni rangi ni nyembamba, alieleza, na huungua upesi. Akaanza kwa kujaribu pembeni, kipande cha ukubwa wa kiganja. Kiling'aa. Ndipo akampa fundi saa mashine.

"Matone machache ya polishi. Laza sponji ya mashine juu ya bati kwanza, halafu washa. Mwendo mdogo. Usisimame mahali pamoja, joto litaunguza rangi."

"Nikandamize?"

"Kwani unakanda unga? Shika tu, mashine inajua kazi yake."

Baada ya muda kidogo, sponji iligeuka nyekundu. Fundi saa akazima mashine haraka.

"Dada! Linatoka damu!"

"Tulia. Hiyo ni rangi iliyokufa juu. Gari hili la zamani halikupakwa vanishi ya kuikinga rangi, ndiyo maana rangi inashika sponji. Kwenye gari lenye vanishi, rangi ikitoka ujue vanishi imekwisha; hapo tungelia wote wawili."

Wakasafisha sponji, wakaendelea kipande kwa kipande, wakifuta kwa kitambaa laini. Adhuhuri fundi saa aliinama juu ya boneti akauona uso wake. Akagundua kwamba hajanyoa tangu mkewe aondoke.

Mwisho wakapaka nta nyembamba ili kuilinda rangi.

"Sasa sikiliza," jirani alisema. "Sabuni ya magari, kitambaa laini, na lilale kivulini. Mashine si ya kila wiki. Kila ukipiga polishi, rangi inapungua."

Jumamosi mkunga alishuka kwenye teksi na begi lake. Akalizunguka gari. Akaweka kiganja kwenye boneti, akakitazama. Hakikuwa na unga.

"Gari la nani hili?"

"Lako, mke wangu."

"Mbona umelifanya hivi?"

"Mapenzi tu."

Mkunga akacheka, akaingia jikoni. Fundi saa akashusha pumzi. Hakuimaliza.

"Baba watoto!"

"Naam?"

"Waya wangu wa masufuria uko wapi?"

Ng'ambo ya ukuta, jirani alikohoa. Fundi saa akaungama yote, tangu sabuni ya kufulia hadi nta. Mkunga alimsikiliza kama anayehesabu mapigo ya moyo. Kisha akamkabidhi sufuria lililoungua na kitambaa.

"Vizuri. Mkono wako umeshajifunza subira. Anza na hili."

Mpaka leo gari linang'aa. Masufuria pia.