Alama za Mikono Ukutani

Ndugu zangu, katika mtaa wetu hakukuwa na nyumba yenye raha kama ya bibi jirani yangu, enzi zile alipoishi na binti yake. Jumamosi asubuhi ungewakuta wamepiga magoti sebuleni, mama anasugua, binti anafuta, na porojo zao zinavuka ukuta hadi kwangu. Sakafu iling'aa mpaka mgeni akaona haya kukanyaga.

Binti hakutaka ujuzi ule ukae bure. Alibeba ndoo ya mama yake, akagonga milango ya maghorofa na kuomba kusafisha nyumba za watu wanaoshinda kazini. Wengine walimcheka. Lakini haba na haba hujaza kibaba: mteja mmoja alimwita mwenzake, binti akaajiri wasichana, akawashonea aproni za bluu, akanunua gari dogo la kubebea mashine. Tukambandika jina Bi Sabuni. Simlaumu kwa hilo, alichuma kwa jasho lake.

Kisha mmoja wa wafanyakazi wake akawa na mdomo. Alichosikia nyumba hii alikimwaga nyumba ile, na wateja wakaanza kuondoka. Bi Sabuni akaweka amri: mfanyakazi haongei na mwenye nyumba. Salamu, kazi, kwaheri. Amri ilikuwa na maana yake. Biashara ikatulia, ikaenea hadi miji ya jirani, naye akahamia huko kufungua ofisi mpya.

Mama akabaki peke yake. Binti hakumtupa, tusimsingizie. Simu alipiga, ingawa za haraka haraka, na kila Jumamosi alimtumia mfanyakazi wa kumsafishia nyumba, bure kabisa. Kosa lake lilikuwa hapa: alimweka mama kwenye ratiba pamoja na wateja, na amri ya wateja ikamfuata mama mpaka sebuleni kwake.

Msichana aliyetumwa alikuwa mpole na mtiifu. Bibi alikuwa akimwambia, "Kaa kidogo mwanangu, tunywe chai," naye anajibu, "Shikamoo bibi. Naanza na jikoni." Basi, yamekwisha. Kuanzia hapo husikii kitu ila maji na ufagio. Bibi alikaa kitini, mikono mapajani, akigeuza kichwa kuufuata ule ufagio ulipo. Mimi nilikuwa nikipita kumjulia hali, naye hunipokea ameketi na kucheka, hanilalamikii chochote. Upweke wake aliumeza mwenyewe. Na hata angesema, jirani si mtoto wa kuzaa.

Siku moja yule msichana alimpigia simu mwajiri wake.

"Dada, kule kwa bibi uchafu umezidi. Chai inamwagika mezani kila mara. Halafu ukuta una alama za mikono, kutoka chumbani mpaka chooni."

"Mikono ya nani?"

"Yake. Hakuna mtu mwingine mle ndani."

"Anapika halafu haoshi mikono, uzee huo. Tumia ile sabuni kali, zitatoka. Umemuuliza chochote?"

"Hapana. Si ulitukataza?"

"Vizuri."

Jamani. Mwanamke huyu alilijua doa la mafuta, la wino, la kutu, akilitazama tu anakwambia limetoka wapi. La mama yake likamshinda. Ndiyo maana wakasema kinyozi hajinyoi. Alama zile zilikuwa za mtu anayepapasa ukuta kutafuta njia. Kila Jumamosi zilifutwa, ukuta ukarudi mweupe, na kila aliyeingia aliona nyumba inapendeza.

Ikatokea Jumamosi yule msichana akaugua, na wenzake wote wako kazini. Bi Sabuni akavaa aproni, akaja mwenyewe. Alikuta mlango uko wazi. Alipotua ndoo, mama yake alisikia, akamuwahi kabla hajafungua kinywa.

"Leo umechelewa, mwanangu. Najua mmekatazwa kuongea, sikulaumu. Ila fagia polepole. Ukimaliza, nyumba inanyamaza wiki nzima."

Bi Sabuni alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Macho ya mama yake yalikuwa yanatazama pembeni, begani kwake, si usoni.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Bibi akacheka kidogo. "Usinitanie, binti. Sauti umeiiga vizuri. Lakini mwanangu ana kazi nyingi."

Binti alilia mpaka mimi nikatoka kwangu kuja kuangalia kuna nini. Niliwakuta sakafuni. Bi Sabuni ameushika mkono wa mama yake ameuweka shavuni, na bibi anapapasa pua, kidevu, masikio, polepole, mpaka akaamini.

Daktari aliwaambia ni presha ya macho. Ungeletwa wakati ule chai ilipoanza kumwagika, alisema, tungekuokolea uwezo wa kuona uliokuwa umebaki. Sasa hakuna dawa. Bi Sabuni alimwachia mtu mwingine ofisi mpya, akarudi kuishi na mama yake. Wanaongea sana. Bibi humuuliza kama amekonda, kama mvi zimeanza kumtoka, naye hulazimika kumweleza yote kwa maneno.

FUNZO

Ndugu zangu, biashara ni njema, na amri za kazi ni njema kazini. Lakini mzazi si mteja. Ukimtumia mtu amfagilie, umesaidia sakafu. Yeye mwenyewe hujamwona. Tusijidanganye kwamba tumetimiza kwa sababu tu tumetuma. Kama mama yako au baba yako yuko peke yake mahali, nenda mwenyewe, ukae, umtazame usoni wakati naye bado anaweza kukutazama.