Msikilizaji wa Stoo

Kiti cha stoo kilikuwa na joto. Mwandishi alikigusa tena, akadhani mkewe ndiye aliyekikalia, akaachana nacho. Alikuwa amechoka mno kuanza kuulizia kiti.

Tangu kitabu chake cha kwanza alikuwa na mazoea: akimaliza sura, hujifungia stoo na kuisoma kwa sauti mbele ya kiti kitupu. Sentensi mbovu, alisema, husikika kabla ya kuonekana. Ndivyo inspekta wa riwaya zake alivyopendwa nchi nzima, watu wakapanga foleni kusainiwa vitabu. Sasa mgongo umekwisha, macho yamekwisha, na huyo inspekta amemchosha kuliko mgeni asiyeaga. Akamwambia mchapishaji anastaafu, akaiacha riwaya katikati.

Haukupita muda, stoo ikaanza kunuka nguo zilizovunda. Mkewe akaacha kula, akawa anashinda ameegemea mlango wa stoo, na mchana kweupe, midomo yake ikiwa imefumbwa, koo lake likatoa sauti kavu isiyo yake, ikauliza neno moja, ikanyamaza, ikauliza tena, mpaka mwandishi akaziba masikio kwa viganja na bado akaisikia ikimtetemesha meno.

"Halafu?"

Mwandishi akaita mganga, naye akaingia stoo, akatoka upesi.

"Pepo huyu hataki damu wala pete," alinong'ona. "Umemsomea miaka yote, sasa umemkatia utamu. Mmalizie hadithi aende zake. La sivyo, mama atakwisha hivihivi unamwona."

"Na mimi nitapumzika?"

"Ukimaliza vizuri." Mganga akasita mlangoni. "Samahani mzee, hivi inspekta alimpata muuaji?"

Mwandishi aliandika huku mkono ukimuuma. Muuaji alikamatwa, inspekta akapigwa risasi, akazikwa, mjane wake akahama mji. Hakuacha hata ufa. Akaingia stoo, akasoma, na kadiri alivyosoma kiti kililia kama mtu anayesogea mbele asikose neno, na pumzi yenye ule uvundo ikampiga usoni, lakini akashikilia karatasi mpaka alipotamka, "Mwisho."

Kimya. Harufu ikakatika.

Alimkuta mkewe jikoni, amesimama mwenyewe, anachemsha chai.

"Baba watoto, mbona umekonda hivyo?" mkewe alimuuliza kwa sauti yake ileile.

Mwandishi alicheka, kisha akalia bila kuona haya. Akavunja kalamu, akaitupa. Akaketi mezani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa na la kufikiria. Ilikuwa raha tupu.

Mkewe aliweka vikombe mezani. Viwili, kisha cha tatu. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Halafu?"

Mwandishi alimtazama mkewe, shingo yake nyembamba, mikono iliyokwisha nyama. Akashusha pumzi, akapapasa mfukoni kutafuta miwani.

"Halafu," alisema taratibu, "walipolifukua kaburi, wakalikuta tupu."

Huko stoo, kiti kikasogea.