Wembe wa Kona na Wembe wa Mviringo

Kila Jumamosi, kabla hata chai haijapoa, Najua alikuwa amekwisha kufagia nywele zilizobaki chini ya kiti cha kinyozi na kuanika taulo kwenye kamba nyuma ya nyumba. Kinyozi mwenyewe alikuwa mama yake. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa saluni: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, benchi la wateja, na ukanda wa ngozi wa kunolea nyembe ulioning'inia ukutani kama ulimi.

"Najua" halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimuuliza swali lolote, la hesabu, la njia au la mvua, jibu lake lilianza na neno hilo, na mara nyingi ukweli uliishia hapo. Siku moja msafiri alimuuliza njia ya kwenda posta. Najua akamwelekeza kwa mkono wote, kulia, kushoto, kisha moja kwa moja, na yule bwana akajikuta kwenye tanuri la matofali, barua mkononi. Watu walicheka, naye akacheka nao. Hakuona kosa liko wapi. Kwake yeye, kusema "sijui" kulikuwa sawa na kusimama mbele ya darasa bila viatu.

Jumamosi hiyo kaka yake aliamka na jambo moja tu kichwani. Alikuwa anamaliza shule, na mchana darasa lake lingepigwa picha ya kuagana. Ndevu zake zilikuwa chache kama wateja wa siku ya mvua, lakini yeye aliziita msitu, na alitaka ziondoke zote.

"Mama, ninyoe sasa hivi," aliomba.

Mama alikuwa tayari mlangoni na mkoba wake wa kazi. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amevunjika nyonga, hatoki kitandani, na mama alikuwa amemwahidi kwenda kumnyoa kwake.

"Nisubiri mwanangu, sikawii. Nikirudi nitakunyoa. Na usiguse chochote humo kwenye droo. Wembe si kijiko."

Kaka alisubiri kidogo. Akajitazama kwenye kioo upande wa kushoto, akajitazama upande wa kulia. Kisha akafungua droo. Ndani mlikuwa na nyembe mbili za kukunja, zimelala juu ya kitambaa cheupe. Alipozikunjua, aliona hazifanani. Mmoja ncha yake ilikuwa ya mviringo, laini kama ukucha uliokatwa vizuri. Mwingine ulikatika wima mwishoni, ukawa na kona kali kama pembe ya rula.

"Wewe ndiye unayeshinda humu na Mama," alimwambia dada yake. "Yeye hutumia upi?"

Najua alikuwa amemwona mama akitumia zote mbili. Kwa nini leo huu na kesho ule, hakuwahi kuuliza. Lakini kaka yake mkubwa, aliyezoea kumfukuza asimsumbue, leo alikuwa anamuuliza yeye. Kichwa kilivimba.

"Najua," alisema. "Chukua wa kona. Huo ndio wa vinyozi wenyewe. Ule wa mviringo ni wa watoto."

Kaka hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akapaka povu la sabuni mpaka akafanana na babu, akaanza. Shavu la kwanza lilikwenda vizuri, akapiga na mluzi. Alipofika karibu na sikio, akageuza kichwa ili aone vizuri kwenye kioo. Ile kona ikateleza, ikachoma ndewe ya sikio.

Mluzi ulikatika. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini sikio lina damu nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ilitiririka shingoni, ikaingia kwenye povu, povu likawa la waridi. Najua alikimbia kuleta taulo safi, akaibana kwenye sikio la kaka yake kwa nguvu zake zote. Mama alipoingia, aliwakuta hivyo: mmoja amenyolewa nusu uso, mwingine ameshika sikio kama mwalimu mkali.

Mama hakupiga kelele. Alinawa mikono, akasafisha kidonda, akalowesha kipande cha shabu, lile jiwe la kukausha damu, na kukibonyeza pale mpaka damu ikakoma. Kaka aliuma meno.

"Droo niliyokukataza," mama alisema. "Na kati ya nyembe mbili ukachagua huu. Nani alikwambia?"

"Hakuna, Mama. Nilichagua mwenyewe," kaka alijibu, akitazama sakafu.

"Haya. Afadhali mdogo wako ana akili, amekubania taulo. Ahsante, mwanangu."

Najua alitegemea kufurahi. Badala yake aliinamisha kichwa, asiweze kuipokea ile ahsante. Kaka alikuwa amemfichia kosa lake. Angenyamaza tu, yangeisha. Alilitazama lile sikio jekundu, akaona kwamba yangeisha kwa wengine, kwake yasingeisha.

"Mama, ni mimi," alisema. "Aliniuliza, nikamwambia achukue wa kona. Nilisema najua. Sikujua."

Mama akavuta kiti akakaa, uso kwa uso naye.

"Ulikuwa na nafasi ya kuniuliza siku ngapi?"

"Zote," Najua alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi leo utauliza."

Mama akatoa puto kabatini, akalipuliza, akalipaka povu. Akaufuta wembe wa kona kwa spiriti, akampa kaka. "Nyoa hili. Ni shavu la mteja."

Kaka akaanza kunyoa taratibu. Alipolizungusha puto, kona ikaligusa, likapasuka. Povu liliruka likawapata wote watatu. Mama alikuwa nalo puani, kaka kwenye nyusi, na Najua mdomoni kabisa, kwa sababu alikuwa ameuacha wazi kama kawaida yake. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Puto la pili mama alilinyoa mwenyewe kwa wembe wa mviringo. Liling'aa lote, zima.

"Kwa nini halikupasuka?" Najua aliuliza.

"Kwa sababu ncha hii haina pa kuchoma. Mkono ukiteleza, nayo inateleza. Kwa anayejifunza na kwa mashavu, hii inatosha."

"Sasa ule mwingine ni wa nini?"

"Njoo uone."

Mama akamkalisha kaka kitini, akamaliza mashavu na kidevu kwa wembe wa mviringo. Kisha akachukua wa kona, akatumia ile ncha peke yake kunyoosha mstari wa nywele mbele ya sikio, mahali ambapo mviringo usingefika. Kazi ikawa safi kama imepigwa rula.

"Kumbe zote ni za vinyozi," Najua alisema.

"Zote. Ila kila mmoja na mahali pake."

Kaka aliondoka mbio na plasta sikioni, akiapa kwamba atampa mpiga picha upande mzuri. Kabla vumbi lake halijatulia, fundi seremala aliingia, akaketi, akafunga macho tayari kunyolewa. Mama akamgeukia binti yake.

"Wembe upi?"

Najua alitazama nyembe, akamtazama fundi. Neno lake la siku zote lilifika ulimini. Akalimeza.

"Sijui bado," alisema. "Fundi, shikamoo. Sharubu unaziacha au unaziondoa?"

"Marahaba. Naziacha, ila zinyooshwe," fundi alijibu bila kufungua macho. "Hapa huwa siulizwi. Leo nimeheshimiwa."

Mama akatabasamu, akazitoa nyembe zote mbili.

"Sikiliza, mwanangu," alisema huku akikoroga povu. "Kuuliza si ujinga. Mtu akisema hajui, aibu yake ni ya dakika moja, kisha anafundishwa. Akisema anajua na hajui, anayeumia ni yule aliyemwamini. Sasa niletee taulo, na ukae hapa karibu. Una deni la maswali mengi."

Najua alileta taulo, akakaa, akaanza na la kwanza.