Ndizi za Kijiko Kimoja

Jumamosi sokoni watu hukanyagana vidole bila kuombana radhi. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamume mwenye ovaroli ya bluu, safi lakini iliyofumuka begani, akichagua ndizi za njano zisizo na doa hata moja.

"Kaka, hizo utazikaanga au utazipiga picha?"

Aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na jinsi lilivyomkaa lilimtangaza kuwa mshonaji hata kabla hujauona utepe wa kupimia shingoni.

"Ndizi ya kukaanga iwe na madoa meusi," alisema, akimwekea nyingine mkononi. "Hiyo yako bado mbichi moyoni."

"Na mimi unanionaje?"

"Wewe bega limefumuka. Lete hiyo ovaroli niishone."

Alipeleka ovaroli, akarudi kuichukua, kisha akarudi tena bila sababu ya maana. Mwenye macho haambiwi tazama. Kazini walimwita Baridi kwa sababu alitengeneza majokofu, na jina hilo mshonaji alilicheka sana.

Siku ya kwanza alipomkaribisha kwake Jumapili, alimwambia jambo moja kabla ya chakula.

"Mimi ni mjane. Mume wangu aliugua moyo. Nikamuuguza, nikamzika. Sina nguvu ya kurudia. Nikipenda tena, nampenda mwenye afya."

"Mimi nina afya ya punda," Baridi alisema, akajipiga kifua. Siku hiyo aliamini hivyo.

Basi akamkaangia. Alijaza mafuta kwenye karai, ndizi zikaogelea humo mpaka zikawa rangi ya kahawia, ukingo umekauka na ndani laini. Baridi alikula akalamba vidole. Ikawa desturi yao ya kila Jumapili, na zilizobaki mshonaji alimfungia kwenye bakuli jekundu lenye kifuniko, ale kazini kesho yake.

Baada ya miezi kadhaa Baridi alianza kula vipande viwili tu.

"Nimeshiba, kipenzi."

"Umeshiba wapi, umekula kama kifaranga?"

"Ziweke kwenye bakuli, nitakula kesho."

Mshonaji alizifunga, lakini moyo wake haukutulia.

Jumatatu moja alipita karibu na karakana ya Baridi, akaona aingie kumsalimia. Baridi alikuwa ametoka kwenda kwa mteja. Kando ya mlango aliketi mwanamke muuza vocha, kanga mabegani, na mapajani mwake bakuli jekundu.

"Karibu dada, onja," alisema kwa ukarimu wote. "Baridi huniletea kila Jumatatu. Sijui anapikiwa na nani, lakini huyo mpishi ana mkono!"

Mshonaji alisema asante, akaondoka. Alitembea njia nzima kurudi dukani kwake, na simu ilipolia aliipokea akiwa bado amesimama.

"Mpenzi, nasikia ulikuja?"

"Nilikuja. Nikamkuta mwenzangu anakula jasho langu."

"Yule ni jirani tu, nisikilize..."

"Jiko langu si la kulishia wanawake wako, Baridi."

Akakata. Baridi alipiga tena na tena, hakupokelewa. Kesho yake jioni mshonaji alichoka kuitazama simu ikitetemeka juu ya kitambaa, akapokea.

"Sema."

"Nina presha," Baridi alisema. "Na mafuta yamezidi kwenye damu. Daktari amenikataza vitu vya kukaanga."

Mshonaji aliketi. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Na wakati wote huo mimi nakukaangia?"

"Ulisema hutaki mgonjwa. Nikaogopa. Nikasema bora nigawe chakula chako kuliko nikupoteze."

"Ningekuua kwa mikono yangu mwenyewe, Baridi. Nikiwa nacheka!"

Sauti ilimkatika, akazima simu. Alilia huku mguu ukiwa bado juu ya kanyagio la cherehani. Alikuwa na hasira ya kufichwa, lakini hofu ilizidi hasira. Alizijua zile korido za hospitali, ile harufu ya dawa, ile sauti ya daktari anapopunguza sauti. Angeweza kumwacha na hakuna ambaye angemlaumu.

Dada yake mkubwa alimwambia hivyo hivyo kwenye simu. "Mdogo wangu, ulishasema mgonjwa hapana. Mwache."

"Wa kwanza nilinyang'anywa. Huyu nimwache kwa hiari yangu?"

Dada yake aliguna. "Haya. Mapenzi ni kikohozi, nakusikia hata huku."

Jumapili alinunua ndizi, akawasha oveni. Za kwanza alizikata nyembamba na hakuzipaka mafuta kabisa, kwa woga. Zilitoka ngumu, zikalia kwenye sahani kama vifungo vya koti. Alizimwaga, akaanza upya. Safari hii alichukua ndizi zilizoiva hasa, zenye ngozi ya madoa, akazikata mshazari, unene wa kidole. Akamimina mafuta kijiko kimoja kwenye kikombe, akazipaka kwa brashi upande huu na huu, akazifunika ziive kwanza kwa mvuke wake, kisha akafunua zishike rangi. Chumvi hakutia. Alizikamulia limau na kunyunyiza mdalasini. Nyumba ikanukia sukari iliyoanza kuungua.

Akapiga simu. "Njoo ule."

Baridi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, uso umemshuka. Alikuta maharage, mboga za majani na vipande vichache vya ndizi. Alitafuna taratibu huku akitazamwa.

"Zile za zamani zilikuwa tamu zaidi?" mshonaji aliuliza.

Alisita. "Kidogo."

"Asante." Machozi yalimlenga. "Usinifiche tena hata hilo kidogo. Kliniki unarudi lini?"

"Alhamisi. Lakini usijisumbue, najua pale pana uchungu kwako."

"Nitakuja."

Alhamisi alifunga duka mapema. Kwenye benchi la kliniki mara mbili alitazama mlango wa kutokea. Hakuinuka. Walipoitwa, aliingia naye.

Nesi alimfunga Baridi mkanda wa kipimo mkononi, akamtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya kiti.

"Na wewe dada, ni nani wake?"

Neno lililomjia kinywani hakuwa amelitamka tangu mazishi. Alidhani alilizika pamoja na mumewe.

"Mke wake," alisema.

Baridi aligeuka ghafla, mkanda ukamvuta. "Mke? Tangu lini? Mbona mimi..."

"Nyamaza, unapimwa."

Alinyamaza, macho yamejaa. Nesi alisoma namba, akakunja uso.

"Imepanda sana," alisema. "Atulie kwanza, tutarudia."

Mshonaji akavuta kiti, akaketi kando yake kungoja.