Kifungio Kilichoshonewa Ndani

Jumamosi ile mtaa wetu wa mafundi ulikuwa umetulia kuliko kawaida. Seremala hakuwa amewasha msumeno, redio ya muuza vipuri ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nakunja mapazia ya mteja huku nikimsikia mdogo wangu akipiga mluzi ndani ya gari lake. Mnamjua. Ni yule fundi wa viti vya magari mnayemwita Sofa, kwa sababu kiti akikigusa yeye hutaki kushuka. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kuvika viti vya gari lake mwenyewe, ngozi ya bandia nyekundu yenye mishono myeupe, na alikuwa akivifuta kwa kitambaa kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Nawaeleza haya nikiwa na hasira, majirani, na sitaomba radhi. Nimechoka kuwasikia mkisema ajali ile ilikuwa imeandikwa. Mimi nilikuwemo ndani ya gari. Nilichokiona hakikuandikwa, kilishonwa kwa uzi wa nailoni.

Iko hivi. Kwenye kiti cha nyuma, pale mgongo wa kiti unapokutana na sehemu ya kukalia, hutokeza vifungio, vile vidude unavyochomekea ulimi wa mkanda mpaka ulie "ka". Wateja wa Sofa hawakuvipenda. Walilalamika kwamba vinawachoma makalio na kuharibu sura ya kiti. Basi Sofa akawa anavisukuma chini ya sponji, anapitisha kava juu yake, anashona. Kiti kinatoka laini, bila donge. Mafundi wengine wakaiga, na wateja wakawa wanaomba wenyewe: nishonee kama vya Sofa.

Nilimsema, na si mara moja. Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, sioni haya kumsema. Naye akanibandika jina, Shangazi Mkanda, nanyi mkalidaka mkacheka. Hoja yake ilikuwa moja, na ilikuwa na makali. Sheria yetu inamlazimisha dereva na anayekaa mbele, wa nyuma haimjui.

"Dada, kama mkanda wa nyuma unaokoa kweli, mbona serikali haiudai?" alikuwa akiniuliza. "Hawa wanatafuta faini tu. Gari langu, kifua changu."

Hata ule wa mbele aliuita mkanda wa askari. Aliufunga akikaribia kizuizi, akishakivuka anauachia.

Siku hiyo alijitolea kunipeleka kwa mteja na mapazia yangu. Binti yake akadandia. Ni mtoto wa darasa la nne ambaye nyumbani tunamwita Maswali, na jina limemkaa. Mimi nilikaa mbele, nikajifunga. Nyuma yangu nikasikia mkanda ukivutwa, kisha vidole vikipapasa kiti.

"Baba, pa kuchomekea ni wapi?"

"Pamelala," mdogo wangu akajibu, anacheka. "Tusipaamshe. Kaa tu, ni hapa na pale."

"Pataamka lini?"

Nikamwambia asimamishe gari afumue. Akanijibu kwamba kiti hata hakijakaliwa, nimwache apumue.

Karibu na makutano ya soko aliona kizuizi cha askari mbele. Akaguna, akavuta mkanda wake, akaufunga. Hatukukifikia. Pikapu iliyobeba matanki ya maji ilichomoka kwenye barabara ya pembeni, dereva wake akiangalia kwingine. Sofa alikanyaga breki kwa nguvu zote, lakini tukaigonga ubavuni. Hatukuwa na mwendo wa kutisha. Mkanda ulinibana kifua nikakosa pumzi, kisha ukanirudisha kitini. Mdogo wangu naye hivyo hivyo, hakuchubuka hata kidole. Mtoto alipita katikati yetu.

Nyonga ilivunjika, uso ukajaa damu. Kiganja cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimechunika ngozi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Wifi yangu alifika hospitali akiwa bado na taulo la saluni begani, amemwacha mteja nusu kichwa. Hakupiga kelele. Alikaa kando ya kitanda mpaka mtoto alipoweza kusema, na muuguzi aliyekuwa akibadilisha bandeji ya kiganja akamuuliza aliumiaje pale.

"Niliushika mkanda mwenyewe," Maswali akasema. "Kwa kuwa pa kuchomekea palikuwa pamelala."

Wifi akamtazama mumewe. "Wewe ndiye uliyepashona," alisema.

Mkaja kutujulia hali, mkaleta matunda, Mungu awalipe. Lakini kila aliyekaa kwenye benchi la wodini alisema maneno yale yale, kwamba ajali haina kinga. Nilimwona mdogo wangu akitikisa kichwa kukubali, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yanampumzisha. Mimi niliyakataa pale pale na bado nayakataa.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto alitoka kwa magongo. Mguu mmoja utabaki mfupi, daktari alishatuambia. Gari letu lilikuwa bado limekunjamana gereji, kwa hiyo Sofa akaita teksi getini. Ilipofika, nikaona rangi ikimtoka. Viti vilikuwa vya bluu, mishono myeupe, kazi ya mikono yake.

Maswali aliegemea mlango, akapitisha mkono kwenye kiti cha nyuma.

"Baba, na hapa pamelala."

"Ni karibu, mwanangu, tutakwenda polepole."

"Siingii."

Dereva wa teksi akamtoa wasiwasi. Alimwambia asiogope, nyuma askari haangalii.

"Nyuma nitakaa mimi," mtoto akamjibu.

Watu wakaanza kugeuka kututazama. Wifi hakusaidia, mimi sikusaidia. Sofa akatoa wembe wake wa kazi kwenye mfuko wa shati, akapiga magoti. Dereva akamshika bega, akamkumbusha kwamba kiti kile alikishona na kukisifia yeye mwenyewe.

"Nilikishona mimi, nakifumua mimi," alisema. Alikuwa analia, na hakujifuta.

Alikata, akachimba sponji, akakitoa kifungio kikiwa kimejaa vumbi. Mtoto akaingia taratibu, akachomeka ulimi kwa mkono wake wenye kovu. Ukalia "ka".

"Na cha mama," akasema. Baba yake akakata tena.

FUNZO

Majirani, msiniletee tena habari za kifua changu, gari langu. Mdogo wangu aliokolewa na sheria aliyoidharau. Hakujifunga kwa busara, alijifunga kwa kuogopa faini, na hofu hiyo ikamwacha mzima. Binti yake hakuwa na sheria ya kumwogopesha baba yake. Kwa hiyo nadai sheria imlazimishe kila anayepanda gari, wa mbele na wa nyuma, na imshike na fundi anayeficha vifungio.

Mnasema askari watapata pa kulia rushwa. Wakila, twendeni tukawashtaki, na nitatangulia mimi. Askari mla rushwa ni wa kufukuzwa, lakini mtoto asilipie makosa yake kwa nyonga. Mtu mzima anaweza kubishana na serikali mpaka jua lizame. Aliyekaa nyuma na miguu haijafika chini hakuna aliyemuuliza.

Wala msingoje sheria hiyo itungwe. Leo hii pitisheni mkono kwenye viti vyenu vya nyuma. Kama pamelala, leteni gari. Sofa anafumua, na mimi nimesimama mlangoni na mkasi. Lile jina la Shangazi Mkanda nimelikubali, niiteni kwa sauti.