Daraja la Pili

Jamaa zangu, nisikilizeni nikupeni habari ya nyumba moja ya Mkunazini, mwaka wa sitini na saba, mjue vipi mtu anaweza kumwangamiza jirani yake bila ya kusema hata neno moja la uongo.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa. Chini akikaa Bi Kazija na mumewe Msabah. Juu, Bi Shariffa na mumewe Khelef. Waume wote wawili walikuwa mawakili wa serikali, afisi moja, daraja moja la mshahara, la tatu. Wake zao walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Wakichambua mchele sinia moja, na ikija barua kutoka Mombasa, Bi Shariffa hushuka nayo mbio, maana macho yake yalikuwa mabovu na hakuweza kungoja mumewe arudi kutoka kazini.

"Nisomee, shoga. Mama yu hali gani?"

Kazija humsomea. Barua zilitoka kwa kaka yake Shariffa, aliyevuka kwenda Mombasa baada ya mapinduzi pamoja na mama yao mgonjwa. Leo mama kala uji, jana hakulala, daktari kabadilisha dawa. Hayo tu, hakuna jengine.

Na Kazija, kama wake wengi, akimwandalia mumewe chakula humpa na habari za mchana. "Mama yake Shariffa hajambo kidogo. Kaka mtu kaandika." Msabah hutafuna huku akisikiliza. Masikini, Kazija hakujua kwamba maneno yale yanawekwa akiba.

Ikatokea nafasi moja ya daraja la pili. Wanaoistahiki wawili, Msabah na Khelef. Mkubwa wa afisi akamtaka kila mmoja aandike ripoti ya siri juu ya mwenzake. Tangu siku hiyo Msabah akawa hakaliki naye. Ukimsemesha anafoka, ukinyamaza anauliza umenuna nini.

"Miaka mitano niko daraja la tatu," alisema. "Akipewa Khelef, mimi ntazeekea hapa hapa."

"Mgawaji ni Mungu, Baba Borafya," Kazija alimjibu. Wakati huo ripoti ilikwishapelekwa.

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, gari ilisimama mdomoni mwa uchochoro. Watu wawili walipanda ngazi, wakashuka na Khelef kati yao, kichwa wazi, hata kofia hawakumwacha avae. Madirisha ya jirani yakafungwa moja moja. Nyinyi mlioziona siku zile mnajua: mtu akichukuliwa, hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi.

Shariffa aliingia kwa Kazija bila ya kubisha hodi. "Wamemuuliza habari za barua, shoga. Za watu waliokimbia! Nani kawaambia? Mbona hizi barua twazijua mimi na wewe tu?"

Kazija aligeuka akautazama mlango wa chumba. Kulikuwa na mtu wa tatu, na alikuwa chumbani anavua viatu.

"Umeandika nini?" alimuuliza mumewe, mlango umefungwa.

"Nimeandika kweli. Kwamba nyumbani kwa Khelef huingia barua kutoka kwa mtu aliyekimbia. Haziingii?"

"Na mgonjwa je, ulimtaja?"

"Sikuulizwa."

Ebo! Wakili mzima, kazi yake kutafuta haki, anasema hakuulizwa!

"Kafute, Baba Borafya. Nakuomba."

"Nikifuta ntachukuliwa mimi. Na wewe uliyekuwa ukizisoma, unadhani utaachwa?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Kazija mwilini. Kila kishindo cha ngazi kilimsimamisha. Mwanawe Borafya akichelewa kutoka chuo cha Kurani, mama mtu hutoka mlangoni bila ya viatu. Jumanne Msabah alirudi na karatasi ya daraja la pili, mkononi kashika na halua. Haikuguswa. Juu, watoto wa Khelef walikuwa wakilia, na kilio chao kilisikika wazi kabisa.

Siku ya sita Kazija alivaa buibui, akapanda kwa Shariffa. "Nipe barua zote," alisema, asieleze zaidi. Alikwenda nazo kunako afisi ya wale waliomchukua Khelef, ambayo watu walikuwa hawapiti hata mbele yake. Njiani alishika ukuta mara mbili.

"Mimi ndiye nliyezisoma," alimwambia mzee aliyekuwa mezani. "Ni habari za mgonjwa. Zisome mwenyewe."

Yule mzee alizisoma zote, taratibu, na Kazija kwenye benchi anangoja. Kisha akauliza: "Nani mwengine aliyekuwa akijua?"

Kazija alimfikiria Borafya. Alijua akijibu, nyumba yake imevunjika.

"Mume wangu," alisema.

Siku ya tisa Khelef aliachiwa. Alirudi hai, alhamdulillahi, lakini mikono ikimtetema hata kikombe hakiwezi. Msabah aliitwa, akaulizwa kama alijua zile barua ni za mgonjwa. Akasema alijua. Daraja la pili likatoka, na la tatu likatoka nalo. Akapelekwa shamba kuwa karani. Hakumtaka Kazija amfuate.

Khelef na watu wake walihama mwezi ule ule. Siku ya kufunga mizigo, Kazija alipanda juu, akaeleza yote, hata zile habari alizokuwa akimpa mumewe kwenye chakula.

"Nisamehe, shoga. Nimemrejesha mumeo."

Shariffa alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Hakuinua kichwa.

"Khelef nimerejeshewa," alisema. "Wewe, nani atanirejeshea?"

FUNZO

Kutaka cheo si dhambi. Mfanyakazi ana haki ya kupanda. Lakini usipande kwa kukanyaga shingo ya mwenzako, na usijidanganye kwamba umesalimika kwa kuwa hukusema uongo. Kweli iliyokatwa nusu huua kama uongo, tena mwenye kuikata huwa anajua. Nasi wenye midomo, tuwe na haya na siri za watu: tuliyopewa kusoma au kusimuliwa kwa imani yabaki hapo hapo. Kazija aliokoa roho ya mtu, Mungu amlipe. Angeyaweka moyoni tangu mwanzo, asingekuwa na wa kumwokoa.