Mgonjwa wa Majaribio

Walikutana kwenye kituo kimoja cha afya Kimara, asubuhi ya foleni na makelele, kisa mfumo umegoma. Vaileth alikuwa amemleta shangazi yake mwenye presha. Gauni la kitenge cha njano alilovaa Vaileth alilishona mwenyewe, maana ndiyo kazi yake, na siku hiyo hasira zilikuwa zimempanda hadi utosini.

"Nyie watu wa kompyuta, mnataka mgonjwa afie hapa?" alimfokea kijana aliyeinamia nyaya nyuma ya dirisha la mapokezi.

Kijana akainuka. Shati jeupe, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Nivumilie kidogo, sista. Nikimaliza nitatoka nje kuomba msamaha. Gauni kama hilo haliombwi msamaha dirishani."

Vaileth akacheka bila kupenda. Ndivyo Lusungu alivyoingia.

Mapenzi yakanoga, yakanoga kweli. Chipsi mayai Kibamba, simu mpaka salio linakata. Kazi ya Lusungu ilikuwa kuunganisha mifumo ya hospitali ielewane: ukitibiwa Temeke leo, kesho daktari wa Kawe anaona habari zako zote kwa namba yako moja, bila kuanza kukuhoji upya.

"Yaani wote watanijua?" Vaileth alimuuliza kwenye simu.

"Anayefungua habari zako ni daktari wako tu, mama."

"Na wewe je?"

"Mie fundi bomba, kipenzi. Napitisha maji, sinywi."

Alimwamini, maskini. Alimwamini hadi akaamua kumwambia lile ambalo hata shangazi hakuwahi kulisikia. Angemwambia Jumapili baada ya kanisa, kwa mdomo wake mwenyewe. Alishamshonea na shati la siku hiyo.

Jumamosi Lusungu akamkuta kwenye kibanda chake cha kushonea. Mteja alikuwa anajaribu gauni nyuma ya pazia, kamwachia Vaileth mtoto wake mchanga amshikie. Vaileth akamtazama yule mtoto, machozi yakamlenga. Lusungu akamshika bega.

"Usilie, mpenzi," akamnong'oneza. "Mungu atatupa mwingine."

Vaileth alimrudisha mtoto kwa mama yake, akasubiri mteja aondoke.

"Umesema mwingine?"

"Nimesema... Mungu atatupa tu."

"Usinifanye mtoto, Lusungu. Nani kakuambia?"

Mwisho Lusungu akasema kweli. Siku walipounganisha hospitali moja ya huko Temeke, walitakiwa kujaribu kwa mgonjwa wa kubuni, jina la uongo, magonjwa ya uongo. Yeye akaandika jina la Vaileth.

"Ndilo lililokuwa kichwani mwangu, haki ya Mungu. Sikutegemea lilete kitu. Likaleta."

"Ukafunga?"

Lusungu akageukia cherehani.

"Nakuuliza, ukafunga?"

"Nilisoma. Nilisoma yote, Vai. Na nikakupenda zaidi."

Jamani! Kumbe ule upole wake wote, kumshika mkono kila walipopishana na mama mjamzito, ilikuwa huruma ya mtu aliyechungulia! Vaileth alijiona kama amesimama uchi mbele yake miezi yote ile, naye hana habari.

"Fundi bomba," akasema. "Maji umekunywa ukamaliza. Nimekaa na jambo hili nikitafuta mtu wa kumwambia, nikakupata wewe. Na wewe ukaliiba kabla sijakupa."

Lusungu akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akatoa pete mfukoni. "Nisamehe. Nilitaka kukuoa nikijua kila kitu."

"Ulisoma kwamba alikuwa wa kike?"

"Ndiyo."

"Na kwamba alizaliwa hana uhai."

"Ndiyo, mpenzi."

"Anaitwa nani?"

Kwenye faili alilosoma Lusungu kuliandikwa 'mtoto wa Vaileth', basi.

"Nilimpa jina," Vaileth akasema, sasa akilia waziwazi. "Kesho ningekutajia. Inuka, uende na pete yako."

Akaenda. Lile shati liliuzwa Jumatatu, kwa mteja wa kwanza aliyeliulizia.